Kitu Kisicho na Ngeli

Isevya, saa nane mchana. Ofisi ya ushirika inanuka nta
na moshi wa jana uliokuja ndani ya makoti ya warina asali.
Nyanzala anapima. Ndoo ya kwanza, ya pili.
Lumambo wa Sikonge: asali kilo arobaini na moja, nta kilo tatu.
Anabonyeza *Endelea*,
na ukurasa wa pili unamjibu kwa maneno yangu mwenyewe,
niliyoyaandika Februari nikiwa nimeshiba:
*Kitu hiki hakijakamilika.*

"Hakijakamilika nini?" anauliza Lumambo.
"Ndoo zimejaa. Nimezijaza mimi."
Gari la Sikonge linaondoka saa kumi.

Tangu Jumatatu niko hivi. Nilianza kama waanzavyo mafundi wote,
kwa kuwalaumu wasiokuwepo:
umeme, mtandao, kuki zilizokataliwa,
seva iliyoko mji nisioujua.
Nikazima, nikawasha. Nikafuta, nikaingia upya.
Nikamlaumu hata Nyanzala, kimoyomoyo,
kwa jinsi anavyobonyeza mara mbili.

Leo nimefungua folda ya vikao.
Kila aliyeingia ana faili lake humo,
lenye jina refu la herufi na tarakimu, kama namba ya behewa.
La Lumambo nimelikuta.
Faili la kikao ni karani mkali,
haliandiki neno kabla halijahesabu herufi zake.
*Saba: Lumambo.* Nikahesabu kwa kidole. Saba.
*Arobaini na moja. Tatu.*
Hakuna tone lililomwagika njiani.

Basi kimepungua nini?

Nikasoma tena, polepole,
kama mtu anayetafuta mbegu ya ndimu kwenye chai.
Majina yamo. Hesabu imo.
Vitenzi havimo.
Hakuna *jumlisha*, hakuna *kata ushuru*, hakuna *chapa stakabadhi*.
Vitenzi havilali kwenye kikao, hilo nalijua,
vinakaa kwenye ngeli ya kitu, na ngeli

Hapo nikarudi kidato cha pili,
kwa Mwalimu Mihambo, chaki nyuma ya sikio,
siku aliyoandika ubaoni neno la kubuni: NGWARU.
"Haya. Ngwaru limeanguka? Imeanguka? Kimeanguka? Umeanguka?"
Darasa kimya.
"Jina mnalo, ngeli hamna.
Basi halitafanya lolote. Litakaa hapo ubaoni mpaka kengele."

Mstari wangu wa kwanza: *fungua kikao.*
Wa nne: *soma ngeli ya Mzigo.*
Wiki jana niliipanga upya ili ipendeze macho.
Ikapendeza.
Na seva ikawa inakitoa kitu sandukuni, inakigeuza huku na huku,
haijui kama ni ki- au li- au u-,
inakibandika karatasi na kukirudisha.
Haikusema uongo hata mara moja.

Kata. Bandika. Wa nne ukawa wa kwanza.
Saa tisa na dakika arobaini printa ikakohoa.
Lumambo akakunja stakabadhi mara nne,
hakunishukuru, akatoka mbio.

Juu ya mstari ule nimeacha maelezo,
mahali ambapo mashine haisomi:

*Taja ngeli yake kwanza, kisha fungua sanduku,*
*Ukikosea kuanza, utahangaika huku,*
*Miye nimeshajifunza, kwa mikesha ya usiku,*
*Ajaye asigeuze, mstari huu mzazi.*

"Kilikuwa nini?" akauliza Nyanzala.
"Ngeli."
Akanitazama kidogo, akaita, "Anayefuata!"

Ngwaru mpaka leo sijui.
Nadhani imeanguka.